Vumbi Lililomfukuza Ndunge

Kila asubuhi Mbula huanza siku na kitambaa mkononi. Kabla ya kuwasha moto, hufuta meza. Hufuta sufuria, vikombe na kifuniko cha mtungi wa maji. Hufuta hata picha ya harusi iliyo ukutani. Vumbi la mbao limelala juu ya kila kitu. Jana alilifuta. Kesho atalifuta tena.

"Nimechoka," husema peke yake.

Kila mtu nyumbani anajua vumbi linatoka wapi.

Mumewe, Kisilu, ni seremala. Wanaishi Mwingi, pembeni mwa mji, upande wa barabara ya kwenda Kyuso. Karakana yake ni kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba. Alikijenga hapo ili vifaa vyake visiibwe, na kweli haviibwi. Lakini mlango wa karakana unatazamana na mlango wa jikoni, na vumbi halibishi hodi.

Ndani ya karakana kuna mashine ambayo Kisilu anaipenda sana. Ni msumeno wa umeme wa mezani. Fundi anaushusha kwa mkono, nao unakata mbao kwa pembe yoyote anayotaka. Zamani Kisilu alikata fremu za milango kwa msumeno wa mkono, na kona zake hazikukutana vizuri. Siku hizi zinakutana sawasawa. Watu humletea kazi za vitanda, madirisha na viti vya kanisa.

Shida ni kwamba mashine hiyo hutema vumbi. Kila inaposhuka juu ya mbao, vumbi huruka nyuma yake, hupanda juu na kuelea. Iliponunuliwa ilikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa wa kupokea vumbi. Mfuko ukachanika. Kisilu akauweka mahali ambapo hapakumbuki tena. Mafundi wetu ndivyo walivyo. Kitu kidogo kikiharibika, kazi inaendelea tu.

Kisilu hakuwa mjinga. Alijua kuwa vumbi linamwingia kifuani. Ndiyo maana kila jioni alikunywa maziwa. Fundi aliyemfunza kazi alikunywa maziwa. Wapaka rangi hunywa maziwa. Wachomeleaji nao hunywa. Ukipita dukani saa ya kufunga kazi, utawakuta wamesimama na pakiti mkononi, kila mmoja akiosha kifua chake.

"Maziwa yanashusha vumbi," Kisilu alisema. "Bila maziwa, sisi mafundi tungekuwa tumeisha."

Kwa hiyo binti yake Ndunge alipoanza kukohoa, alimpa maziwa na yeye.

Ndunge alikuwa mtoto wao wa pekee, wa umri wa kuanza chekechea. Alipenda kukaa mlangoni mwa karakana akichezea vipande vya mbao. Alimwimbia baba yake nyimbo za Sunday school, na baba alimjibu huku akipiga randa. Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Kisha kifua chake kikaanza kulia kama filimbi. Usiku alilala ameketi, ameegemea mama yake. Mbula naye alilala ameketi. Asubuhi alikwenda kazini kwake kufua mashuka ya gesti, yaani nyumba ya wageni, macho yakiwa mekundu.

Siku moja midomo ya Ndunge ilianza kubadilika rangi. Kisilu aliacha mashine ikiwa bado inazunguka. Mbula aliizima, akamfuata mbio hadi hospitali.

Huko walimpa Ndunge dawa ya kuvuta kwa mdomo. Baada ya muda, kifua chake kilitulia. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye uso wa mtu aliyekesha. Alimtazama Kisilu kuanzia kichwani hadi miguuni. Nywele zake zilikuwa na vumbi. Nyusi zake pia.

"Wewe ni fundi wa mbao?" aliuliza.

"Ndiyo, daktari."

"Unafanyia wapi kazi?"

"Hapo nyumbani tu."

Daktari alishusha pumzi. "Mtoto ana pumu. Vumbi la mbao linaiamsha."

"Lakini mimi nampatia maziwa kila siku," Kisilu alisema. "Ya kuosha kifua."

"Baba Ndunge, maziwa yanaenda wapi ukiyameza?"

"Tumboni."

"Na vumbi linaenda wapi ukilivuta?"

"Kwa mapafu."

"Hizo ni njia mbili. Maziwa hayafiki kwa mapafu hata ukinywa ndoo nzima. Mpe mtoto maziwa, ni chakula kizuri. Lakini usiseme yanaosha kifua. Vumbi likiingia, lile dogo kabisa linakaa huko ndani. Dawa ni lisiingie."

"Na hii dawa ya kuvuta?" Mbula aliuliza. "Watu wanasema mtoto ataizoea, hataiacha."

"Hao watu wakuje wakeshe na wewe," daktari alisema. "Mpatie vile nimekuonyesha. Haileti ulevi. Lakini dawa peke yake haitoshi kama mtoto analala ndani ya vumbi. Mtoeni kwa hiyo vumbi."

Mtoeni. Kisilu alirudi nyumbani akilibeba neno hilo, na lilikuwa zito.

Mama yake Kisilu anaitwa Kanyiva. Anaishi Kyuso, ana shamba la ndengu, yaani choroko, na mbuzi wachache. Alipopata habari, hakupiga simu. Alikuja mwenyewe.

"Mwana wakwa," alimwambia Ndunge kwa Kikamba, yaani mtoto wangu. "Twende kwa Susu."

Ndunge alikwenda na Susu, bibi yake, na dawa yake ndani ya mfuko. Wiki chache baadaye Kanyiva alipiga simu. Ndunge alikuwa analala usiku kucha. Kikohozi kilikuwa kimepungua sana. Alikuwa anakimbiza mbuzi.

"Sasa sikizeni," Kanyiva alisema kwenye simu. "Nimeandikisha huyu mtoto shule ya huku. Januari ataanza hapa. Siwezi kumrudisha kwa hiyo unga yenu ya mbao afe nikiona. Mkimaliza hiyo vumbi kabla ya shule kufunguliwa, mniambie. Msipomaliza, atakaa."

Kisilu alishika simu hata baada ya kukatika.

Mbula alifuta vumbi lake kila asubuhi, akaenda kufua, akarudi. Alipika chakula, wakala bila maneno mengi. Hakuwa na hasira ya kelele. Alikuwa na uchovu tu, ule uchovu ambao mtu hata ugomvi anauona ni kazi.

"Nihamishe karakana?" Kisilu aliuliza jioni moja.

"Uhamishie wapi? Kodi utalipa na nini?"

"Basi niuze mashine."

"Halafu tule nini?"

Mbula alikusanya sahani.

"Mimi sitaki uache kazi," alisema. "Nataka mtoto wangu. Tafuta njia, Baba Ndunge. Wewe ndiye fundi."

Kesho yake Kisilu alitafuta njia. Alichukua feni ya kupunga upepo, akaifunga nyuma ya mashine, ikatazama tundu la dirisha. Alikata mbao, na vumbi likatoka nje lote. Alifurahi. Aliimba kwa mara ya kwanza tangu Ndunge aondoke.

Wimbo haukufika mwisho.

"Baba Ndunge! Baba Ndunge, toka nje!"

Alikuwa ni Leyla, jirani yao. Yeye ana kisiagi, yaani mashine ya kusaga unga, upande wa pili wa ua. Watu wote humwita Mama Ridwan. Alizaliwa hapo hapo Mwingi, na Kikamba chake ni kizuri kuliko cha vijana wengi wa Kikamba. Alisimama kando ya turubai alilokuwa ameanikia ndengu zake. Ndengu zilikuwa zimekuwa nyeupe.

"Hii ni nini?" aliuliza.

Kisilu alikuna kichwa. "Ni vumbi, Mama Ridwan."

"Najua ni vumbi! Nilipanda ndengu, sikupanda mbao. Sasa nitauzia nani? Mchwa?"

"Pole sana. Natafuta kutoa vumbi kwa nyumba, ndiyo mtoto arudi."

Leyla aliinama, akachota ndengu kidogo, akazipuliza. Hasira yake ilipungua alipomtazama jirani yake. Kisilu alikuwa amekonda.

"Hujatoa vumbi," alisema kwa sauti ya chini. "Umeihamisha tu. Upepo ukigeuka inarudi kwako jikoni. Kuja uone kitu."

Alimpeleka kwenye kisiagi. Mashine ilikuwa inasaga mahindi ya mteja. Leyla alionyesha juu, kwenye faneli kubwa ya bati, pana juu na nyembamba chini. Chini yake kulikuwa na gunia.

"Unga ni vumbi, ama sivyo?" aliuliza.

"Ni vumbi."

"Mbona hauruki kwa barabara?"

Kisilu alikuwa ameipita faneli ile kila siku akienda kununua unga. Hakuwahi kujiuliza.

"Angalia," Leyla alisema. "Hewa inaingia na unga kwa ubavu wa faneli. Si katikati, ni kwa ubavu. Kwa hivyo inazunguka, inazunguka. Ule unga unagonga ukuta wa bati, unachoka, unaanguka kwa gunia. Hewa inatokea juu. Kuna unga mwembamba sana bado unapanda na hewa, ndiyo maana nimeweka ule mfuko wa kitambaa pale juu."

"Na mimi naweza kufanya hii kwa mbao?"

"Hujui kukata tundu?"

Kisilu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini kilikuwa kicheko. "Kwanza nikusaidie kupepeta ndengu," alisema.

Walipepeta pamoja hadi jua likaelekea magharibi. Wakipepeta, walipanga. Feni ya kupunga haifai, Leyla alisema, kwa sababu inasukuma vumbi ovyo. Kinachotakiwa ni kuvuta vumbi pale pale linapozaliwa, kabla halijaelea. Ingehitajika mashine ya kufyonza.

Kisilu alipomweleza Mbula, Mbula aliweka kijiko chini.

"Kama ile ya kusafisha mazulia?"

"Ndiyo. Lakini tutaitoa wapi?"

"Kule gesti waliondoa mazulia. Iko kwa stoo. Naipita kila siku nikichukua sabuni."

Mwenye gesti alikuwa anahitaji rafu za kuwekea mashuka. Kisilu alizitengeneza kwa mbao alizokuwa nazo, na mashine ya kufyonza vumbi ikaja nyumbani juu ya mkokoteni. Mbula aliifungua, akakung'uta chujio lake. Chujio hilo ndilo kitambaa kinachozuia vumbi jembamba lisitoke tena. Lilikuwa limetoboka. Walinunua jipya, maana chujio lililotoboka ni sawa na kutokuwa nalo.

Kisha kazi ikaanza. Kwanza Kisilu alichomoa waya wa msumeno kwenye umeme. Fundi asiguse sehemu za msumeno wakati waya uko kwenye soketi, hata kama swichi imezimwa. Nyuma ya msumeno kuna mdomo mdogo, pale palipokuwa na ule mfuko. Kwenye mdomo huo alifunga mpira mpana unaopindika, ili ufuate msumeno ukipanda na kushuka. Mpira huo aliuunga na paipu ya plastiki iliyopita kando ya ukuta. Alijaribu kuizungusha paipu nyuma ya kabati ili ionekane nadhifu. Leyla alikuja kuangalia, akatikisa kichwa.

"Kona zote hizi za nini? Vumbi litakwama. Fanya fupi, na inyooke."

Kisilu aliikata tena.

Paipu iliingia kwenye ndoo yenye kifuniko. Hapo Kisilu alifuata somo la kisiagi. Alitoboa tundu moja kwenye ubavu, karibu na juu, paipu ikaingia kwa kuambaa ukuta ili hewa izunguke. Tundu la pili alilitoboa katikati ya kifuniko. Hapo alichomeka mpira wa mashine ya kufyonza. Mashine yenyewe aliiweka nje, chini ya kipaa kidogo cha bati, upande wa nyuma, mbali na jikoni na mbali na turubai la Mama Ridwan.

Waliwasha. Nguvu ya kufyonza iliibonyeza ndoo, krap, ikakunjamana yote.

Mbula alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama ndoo, kisha akatazama chini. "Hiyo ndiyo ndoo yangu ya maji," alisema.

Kisilu aliketi juu ya mbao. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Alihisi kuchoka mpaka kwenye mifupa, na alitaka kuacha. Alikaa hapo kwa muda. Hakuna aliyemsemesha, na nadhani hilo ndilo lililomsaidia. Kisha alisimama, akaenda kutafuta ndoo nyingine. Safari hii alichukua ndoo nene ya rangi, ile ya kifuniko kinachobana sana. Aliiosha, akatoboa upya, akaziba kila kiungo kwa silikoni. Ilipokauka, aliwasha mashine ya kufyonza na kupitisha uzi mwembamba karibu na kila kiungo. Mahali palipokuwa panavuja, uzi ulivutwa kwa ndani. Aliongeza silikoni hapo.

Hakuishia kwenye mpira. Vumbi jingine huruka kwa nguvu likaukosa mdomo ule mdogo. Kwa hiyo nyuma ya msumeno alijenga boksi la plaiwudi, wazi upande wa mbele, lenye sakafu ya mteremko. Vumbi zito liligonga boksi, likateleza, likaingia kwenye gunia. Alihakikisha boksi haliuzuii msumeno ukigeuka kushoto au kulia.

"Na waya?" Leyla aliuliza. "Usichomeke mashine zote mbili kwa ile waya nyembamba ya extension. Utachoma nyumba. Maranda ya mbao na moto havikai pamoja."

Kisilu alimwita fundi wa umeme, akaweka soketi ya pili.

Siku ya kujaribu ilikuwa na jua kali. Paa la karakana lina matundu ya misumari, na miale ya jua hupenya hapo. Zamani, Kisilu alipokata mbao, miale hiyo ilijaa vumbi hadi ikaonekana kama vijiti. Aliwasha mashine ya kufyonza kwanza. Kisha aliwasha msumeno, akakata ubao. Alikata mwingine, na mwingine, hadi rundo la mbao likaisha. Alipomaliza, aliiacha mashine ya kufyonza ivute kidogo ndipo akaizima. Wote watatu walitazama miale.

"Bado iko," Mbula alisema. "Lakini ni kidogo sana."

"Haiwezi kuisha yote," Leyla alisema. "Ile imebaki, vaa barakoa. Ile ngumu ya kubana pua, si leso. Na usifagie kavu. Nyunyiza maji kidogo kwanza."

"Na hizo nguo," Mbula aliongeza, akimwonyesha mumewe kidole. "Zitabaki huku. Huingii kwa nyumba nazo. Hushiki mtoto nazo."

"Nimesikia," Kisilu alisema. Wakafungua ndoo. Ilikuwa na vumbi laini kama unga wa ngano, hadi robo. Kisilu aliingiza mkono, akalichota. Hilo lote lingekuwa hewani.

"Hii ndiyo nilikuwa nampatia mtoto wangu," alisema.

Kanyiva aliletewa habari. Hakuamini. Mafundi huahidi, alisema, yeye anawajua, amezaa mmoja. Alikuja na Ndunge siku chache kabla ya shule kufunguliwa, lakini nguo nyingi za mtoto aliziacha Kyuso.

"Nitakaa hapa nisikie kwa masikio yangu," alisema. "Na wewe ufanye kazi yako kama kawaida. Usinifichie mashine."

Kisilu alifanya kazi. Alikata mbao za viti vya kanisa kutoka asubuhi. Kanyiva alizunguka nyumba. Alipitisha kidole juu ya meza, akakitazama. Alichungulia sufuria. Alimwita Ndunge kila mara, akaweka sikio kwenye mgongo wake, hadi mtoto akalalamika.

"Susu, unanitekenya!"

Mbula alimpa Ndunge dawa yake kama daktari alivyosema. Usiku alimlaza kitandani, amelala chali kama watoto wengine. Yeye mwenyewe alijilaza kando, akisubiri kifua kilie. Alisubiri mpaka usingizi ukamchukua. Alipoamka kulikuwa kumekucha, na hakuna aliyekuwa amemwamsha. Ikawa hivyo usiku uliofuata. Ikawa hivyo tena.

Asubuhi moja Kanyiva alijifunga leso yake na kusema anakwenda stegi kutafuta gari la Kyuso. Ndunge alikimbilia viatu vyake.

"Sasa nifunge na nguo zake?" Mbula aliuliza polepole. Aliogopa jibu.

Kanyiva alimtazama mwanawe. Kisilu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, barakoa shingoni.

"Ndunge, vua viatu," Kanyiva alisema. "Wewe unabaki kwenu. Nguo zako zingine nitazituma na gari la kesho."

"Na wewe, Susu?"

"Mimi nawahi kwa mwalimu wa kule. Nimwambie asikungoje."

Mbula aliketi chini pale pale mlangoni. Alilia kwa uchovu wa miezi yote ile na kwa furaha, na Ndunge akaja akakaa mapajani mwake.